Jino la Nyumba Nzima

Haya aliniambia Apolline mwenyewe, Jumapili iliyopita tulipotoka ibadani, amekaa kwenye kigoda changu, anachambua sombe yangu, majani ya muhogo, bila kuombwa. Alikuwa anacheka. Akifika pale pabaya anaacha kucheka, anachambua majani kwa haraka. Nimeyaandika kama alivyoyatoa.

Kwa aliyepitwa: Apolline ni mjane wa Uvira. Mvua ilipolaza kibanda chake hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, aliingia katika ile nyumba ya Anselme wanayoiita Nyumba ya Umoja. Mle ndani wako watu watano, Wakongo na Warundi, hawana undugu wa damu, wameamua kwa hiari yao kuishi kama mwili mmoja. Sufuria moja, moto mmoja, shamba moja, mbuzi wawili wasio na mwenyewe. Anayesema "yangu" anaosha vyombo. Anayekula nje ya sufuria ya nyumba anafunga mzigo wake, anatoka.

Na mmekwisha kusikia ile sheria ya maumivu. Akiugua mmoja, wameugua wote. Wote wanalala, hakuna kula, hakuna kushika jembe, mpaka mgonjwa ainuke. Léonidas alipopata jipu, nyumba nzima ililala kwa ajili ya lile jipu. Walipoamka walikuta mbuzi wao wenyewe wamemaliza mahindi.

Yakabaki maharagwe.

Sasa maharagwe ndiyo yameanza kutoa majani, magugu nayo yanashindana nayo, na chakula cha mgao kimekuwa kidogo kila mtu anajua. Yakikosa palizi hii, hakuna mavuno. Basi ni katika siku hizo hizo gego la Apolline, la chini, upande wa kushoto, likaamua kumuua.

Hakusema. Angesemaje? Angesema "jino", watu watano wangelala chini, na maharagwe yangekwenda njia ya mahindi.

Godeberthe, yule Mrundi mke wa Léonidas, ana macho ambayo hata paka anayaogopa.

"Apolline, mbona unatafuna upande mmoja?"

"Ule mwingine ninaupumuzisha."

"Tangu juzi?"

"Ulifanya kazi mingi ujana wake, mama. Uache upumuzike."

Asubuhi ya Alhamisi haikuwezekana tena. Jicho la kushoto lilikuwa linatoa machozi peke yake. Apolline akajifunga kitenge, akachukua kikapu, akasimama mbele ya wenzake.

"Nasikia kule Kabazana kumefika batu ya kwetu, bapya. Niende nitazame kama kuko mutoto wa dada yangu."

"Dada ya nani?" akauliza Anselme.

"Dada yetu."

"Aksanti. Utaosha vyombo ukirudi."

Anselme ndiye aliyeanzisha nyumba. Mwanaume mrefu wa Fizi, sauti nzito, akisema "ndugu zangu" hata kuku wanasimama. Asubuhi ile naye alikuwa amevaa shati la Jumapili.

"Na miye niko na safari," akasema. "Ninaenda Isingiro kuulizia mbegu. Muniombee. Leo nimefunga, sitakula kitu mpaka jioni."

"Mungu akutie nguvu," akasema Godeberthe.

"Amina," akasema mzee Venuste, wa tano wao, kisha akarudi usingizini. Huyo hulala hata akiwa amekaa.

Apolline hakukanyaga Kabazana. Alipanda gari la Mbarara mjini.

Kuna mtoa meno mmoja anakaa nyuma ya maduka ya nguo, chumba kimoja, kiti kimoja, pazia moja. Mnyankore mfupi mwenye mikono ya mfua chuma.

"Nyabo, kaa hapa. Wapi nauma?"

Akaonyesha.

"Fungua. Zaidi. Zaidi, nyabo, mimi sio nyoka, mimi hapana ingia."

Sindano ikachomwa. Koleo likaingia. Mara goti la yule bwana liko juu ya kiti, mara liko karibu na kifua cha Apolline, na wote wawili wanaguna kama watu wanaosukuma gari lililokwama.

"Banange! Hii jino iko na mizizi kama ya muembe!"

Likatoka.

Damu nayo ikatoka, na haikutaka kukoma. Akamjazia pamba, akamfumba mdomo kwa mkono, akamwambia sawasawa:

"Sikia, nyabo. Uma hapo. Usifungue mdomo. Ukiongea, damu narudi, na mimi nafunga duka. Mpaka jua naanza kushuka, hapana sema hata jina yako. Nimeelewa?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Jino nataka?"

Akaitikia tena. Likafungwa ndani ya kipande cha gazeti, akalitia kwenye pindo la kitenge alichovaa. Malipo yalikuwa kitenge kingine, kipya, alichokuwa amekificha kikapuni. Daktari akasema mke wake atakipenda. Nacho, kwa sheria ya nyumba, kilikuwa cha wote.

Basi anatoka pale, shavu limevimba kama amebana limau ndani, anatafuta gari la kurudi. Akapita mbele ya hoteli ya chakula, mlango wazi, harufu ya mbuzi wa kuchoma imefika mpaka barabarani. Akageuza kichwa tu. Nani hageuzi kichwa?

Anselme amekaa mle ndani.

Sahani ya matoke mbele yake, juu yake mbuzi. Mfupa mdomoni, macho amefumba, anafyonza taratibu kama mtu aliye katika maombi.

Akafumbua macho.

"Mama Apolline."

Apolline kimya. Pamba.

"Unafanya nini ku Mbarara? Ulisema Kabazana."

Kimya.

"Ahaa. Unanifuata."

Apolline akatikisa kichwa kukataa. Kutikisa kukavuta damu, akaimeza. Koo likapanda, likashuka. Anselme aliliona lile koo akaweka mfupa chini.

"Usimeze hasira vile, mama. Sema. Nitukane."

Kimya.

"Sawa. Nitasema miye. Si mara ya kwanza. Kila mara nikisema Isingiro, ni hapa." Akapangusa jasho. "Juu ya nini unanitazama vile? Unajua na mengine? Sawa. Ile kuku ya Noeli. Mbweha hakukuwako. Ni miye."

Apolline alikuwa hajui habari ya kuku. Mwezi mzima walimwinda yule mbweha. Léonidas alimchimbia shimo, akaingia mwenyewe.

Macho yakamtoka. Anselme akayaona.

"Ee Yesu! Unataka niseme na ya Ancilla?"

Hata Ancilla hakumjua.

Anselme akainama, akachukua jani la mgomba lililobaki mezani, akakunja ndani nyama iliyobaki isipokuwa paja, akaifunga kwa kamba ya hoteli, akaisukuma ndani ya kikapu cha Apolline. Apolline akaitoa. Anselme akairudisha na kuongeza paja.

"Hiyo ni yote, mama. Sina ingine. Batoto ya Mungu tusiharibiane."

Wakati huo huo mwanamke akatoka jikoni na upawa mkononi. Mwanamke mnene, mzuri, mikono ya gomesi yake, lile gauni la Kiganda, imepandishwa mpaka kwenye viwiko. Ndiye mwenye hoteli. Ndiye Ancilla.

"Anselme, huyu ni nani?"

"Huyu ni... ni wa nyumbani."

"Wa nyumbani! Wewe hapana sema uko peke yako? Hapana sema mwezi huu naleta watu ya posa kwa baba yangu?"

"Ancilla, ngoja, nitaeleza, huyu ni kama dada..."

"Dada? Tazama vile amevimba! Mwanamuke hapana vimba namna hii kwa kaka yake. Hii ni kuvimba ya bwana!"

Apolline akatikisa kichwa kwa nguvu zote, hapana, hapana, hapana. Tone la damu likatoka pembeni mwa mdomo, likateremka kidevuni.

Ancilla akalitazama lile tone. Akaligeukia shavu. Akamgeukia Anselme.

"Banange! Na unampiga!"

Upawa ukapaa. Anselme alipita mlango wa jikoni, akaruka masufuria, akawa yuko barabara ya pili anapungia bodaboda mikono miwili. Shati la Jumapili lilichanika kwenye waya wa nguo, kipande kikabaki pale.

Ancilla akamshika Apolline mabega, akampangusa kidevu kwa aproni.

"Pole, dada yangu. Pole sana. Wewe enda nyumbani, kaa kimya hivyo hivyo. Mimi nafunga hapa, nakuja. Nakivale naijua. Leo leo."

Apolline alitaka kulia, lakini kulia pia kunafungua mdomo.

Alipofika nyumbani jua liko juu. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, wametoka kupalilia, udongo miguuni, wanangoja nani atawasha moto. Anselme alikuwa amekwisha kufika. Amekaa katikati na Biblia magotini, koti limefungwa vifungo mpaka juu, katika joto lile.

"Karibu, dada," akasema, bila kuinua macho. "Kabazana banasemaje?"

Kimya.

"Umemwona mtoto?" akauliza Godeberthe.

Kimya.

Godeberthe akasimama. Akamzunguka Apolline mara moja, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Ana kitu shavuni."

"Nani?" akasema Venuste, amezinduka.

"Apolline ana kitu shavuni! Anakula! Tazameni lile shavu, limejaa mpaka linang'aa!"

"Apolline," akasema Léonidas, kwa upole, maana ni mtu mpole, "kama ni peremende, itoe tu. Tutaipitisha, kila mtu atainyonya kidogo."

Apolline akanyoosha kidole kwenye shavu. Akafanya ishara ya kuvuta. Akavuta hewa kwa mikono miwili, akaguna puani.

"Anasema ameivuta kwa nguvu," akasema Venuste.

"Ameinyang'anya mtu!" akasema Godeberthe. Kisha akanusa. Akanusa tena, akafuata pua yake mpaka kwenye kikapu, akatia mkono. Akatoa lile furushi la jani la mgomba, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Wote wakasogea karibu.

"Mbuzi," akasema Léonidas. Neno lenyewe alilimeza.

"Mbuzi wa kuchoma," akasema Godeberthe. "Na paja. Sisi tunapalilia, tumbo linaita, yeye anatembea na paja! Na lile la shavuni amelibana kule ili asitugawie! Anselme, sheria inasemaje?"

Apolline akamtazama Anselme.

Anselme akaitazama Biblia. Aliigeuza, maana alikuwa ameishika kichwa chini.

"Sheria..." akasema. "Sheria iko na upendo mingi ndani."

"Léonidas alipokula ndizi moja njiani ulimlaza nje!"

"Ile ilikuwa ndizi."

"Na hii ni mbuzi! Anayekula nje ya sufuria anafunga mzigo. Ni mdomo wako uliosema!"

Apolline alinieleza kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli. Unajua kule alikotoka. Kibanda kimoja, mtu mmoja, unapika kijiko cha unga, unakula ukitazama ukuta. Ile nyumba ya Anselme ina wazimu, anakubali, lakini akiamka usiku anasikia watu wanakoroma kila pembe, na kelele ile imekuwa dawa yake. Sasa mkeka wake unakunjwa mbele ya macho yake na Godeberthe, na anayeweza kumwokoa kwa neno moja amefunga koti.

Akafanya kosa. Akafungua mdomo kusema.

Damu ikaruka mpaka kwenye Biblia.

"Uwi!" Godeberthe akaangusha mkeka. "Amejiuma ulimi!"

Léonidas akaruka, akamshika kidevu, akachungulia ndani kama anayechungulia kisima.

"Hakuna nyama huku. Kuna pamba." Akachungulia tena. "Na kuna shimo."

Apolline akafungua pindo la kitenge. Akakunjua gazeti. Akaweka gego katikati ya mkeka, na mizizi yake yote miwili.

Wote wakainama. Hata Venuste.

"Jino letu," akasema Venuste.

"Jino letu limetoka," akasema Léonidas. "Apolline, tangu juzi ulikuwa unaumwa na hukutuambia? Ulitunyima maumivu?"

"Na mbuzi?" akasema Godeberthe, lakini polepole sasa. "Mbuzi ametoka wapi? Mtu hang'olewi jino halafu akala paja."

Wote wakaligeukia furushi, maana hilo lilikuwa swali.

Anselme akasimama upesi. Sauti nzito ikarudi yote.

"Ndugu zangu! Kuko mugonjwa mu nyumba. Sheria ya maumivu ni ya kwanza kuliko zote. Mugonjwa hahukumiwi. Tunaumwa jino, sisi bote. Tutahukumu tukiamka."

Alikuwa wa kwanza kupasua kitambaa na kujifunga shavu, fundo juu ya kichwa. Godeberthe hakuridhika, lakini sheria ni sheria. Akajifunga. Akamfunga mumewe. Venuste alifungwa akiwa amekwisha kulala. Ile nyama hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, ni ushahidi, na tena mgonjwa hali. Wakaitundika kwenye boriti katikati ya chumba, ikawa inadondosha mafuta tone kwa tone, karibu na pua ya Léonidas.

Wakalala kwa mstari. Watu wazima watano, jua la mchana, mashavu yamefungwa. Huko shambani majembe yamesimama, magugu yanashukuru Mungu.

Njaa na uchovu wa palizi vikawachukua mmoja mmoja. Léonidas, akimeza mate. Godeberthe, jicho moja likikawia. Anselme hakuchukua muda, tumbo lake lilikuwa limeshiba.

Apolline peke yake alikuwa macho pikipiki iliposimama nje.

"Hodi! Hodi hapa! Huyu Anselme anapiga wanawake anakaa wapi?"

Hakuna aliyeitikia. Mlango ukasukumwa. Ancilla akaingia na upawa, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Akasimama.

Akawatazama wale watano.

Akahesabu mashavu.

"Banange," akasema kwa sauti ndogo. "Anapiga wote. Hata wazee."

Akatazama juu, akaona jani la mgomba na kamba yake mwenyewe. "Na mbuzi yangu ametundika!"

Alimsukuma Anselme kwa mguu. Anselme akageuka upande wa pili na kukoroma. Alimwinamia Apolline, Apolline akafumba macho upesi, maana pamba bado iko na jua bado halijashuka, na angeeleza nini kwa vidole?

"Lala, dada," Ancilla akamnong'oneza. "Mimi niko hapa. Yeye hapana toka leo."

Akaenda mlangoni. Akatandika kanga, akajilaza pale kizingitini kwa urefu wake wote, upawa kifuani, ili mtu akitaka kutoka amkanyage yeye kwanza. Alikuwa ameamka alfajiri kuchinja, na pikipiki ilikuwa imemtikisa tangu Mbarara. Hakufika mbali. Akakoroma kuliko wote.

Apolline akangoja. Mwanga ukasogea ukutani, ukateremka, ukafika kwenye miguu ya Venuste. Jua limeanza kushuka. Akatia kidole mdomoni, akatoa pamba. Nyeupe kwa kiasi. Damu imekauka.

Sasa anaweza kusema. Na hakuna wa kumsikia.

Alikaa pale, ameshika jino lake, na yale maneno ya mchana kutwa yakamjaa kifuani mpaka yakamshinda. Akayasema. Taratibu, kwa sauti yake ya kawaida, kama anayepiga soga.

"Miye sikukula kitu. Godeberthe, ile nyama ni ya Anselme, alinipa juu ya woga. Isingiro haendi. Kuku ya Noeli ni yeye alikula, na Léonidas, lile shimo uliangukia bure. Ancilla, mama, miye si bibi yake, na hajanipiga. Na nilisema Kabazana, nikaenda Mbarara, hiyo uongo ni ya miye. Kitenge nilificha, nayo ni ya miye. Sikutaka mulale. Tukilala tena kesho, mwaka huu tutakula sheria."

Akafungua kiganja. Akaliangalia jino.

"Na hii haikuwa jino yetu. Iliniuma miye. Ilikuwa yangu."

Akajisikia mwepesi. Akajinyoosha kwenye mkeka wake, ule ambao Godeberthe alikuwa ameanza kuukunja, akasikiliza kukoroma kwao kama kila siku, ili apate usingizi.

Kabla hajasema, ilikuwa mikoromo mitano. Sasa ilikuwa minne.

Akasikiliza tena. Minne.

Alitaka kuinua kichwa atazame ni nani aliyeamka akamsikia. Lakini shingo ilikuwa nzito, na usiku wote wa jana na juzi hakuwa amepata lepe la usingizi. Mkono umefumba jino, jibu liko hatua moja kutoka kwenye mkeka wake, Apolline akalala.